Kopo la Verlin Haverkamp

Wewe unayepiga picha chupa ya oili chafu na kuiweka mtandaoni eti "kopo langu linapiga kazi", umenichosha. Kila Jumatatu nikifungua ukurasa wa klabu yetu ya magari nakuta chupa. Chupa juu ya boneti. Chupa imeinuliwa mkononi kama samaki aliyevuliwa. Chupa imewekewa rula pembeni. Na chini yake wanaume wenye wajukuu wanapongeza. Hakuna hata mmoja anayeuliza hiyo oili ilikuwa wapi kabla ya kuingia kwenye chupa. Basi kaa nikusimulie habari za Verlin Haverkamp, ambaye yupo, mzima, hapa hapa Wexley, Indiana, na ambaye nyote mlimsifia mpaka akaharibikiwa.

Verlin ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha maboksi. Mwili mkubwa, sauti ndogo. Kazi yake ni kuwaambia watu wachomekee mashati wasije wakavutwa na mashine, na watu hawachomekei. Shuleni alikaa benchi misimu yote ya mpira wa kikapu, na huku kwetu mtu aliyekaa benchi hasamehewi, hata leo kuna mzee akimwona kwenye duka la mbegu anamwambia, "Verlin, kocha amekuita?" Sijui kama mnaelewa kinachompata mtu anayeambiwa hivyo toka ana miaka kumi na sita. Kinachompata ni kwamba akifika hamsini ananunua Mustang.

Gari lilitoka kiwandani zima, injini ya silinda nane, haina tatizo. Verlin akaipachika supachaja, ile pampu inayozungushwa na mkanda wa injini ili kushindilia hewa kwenye silinda. Hapo bado sawa. Halafu akafanya wanachofanya wote: akabadilisha puli ya supachaja, lile gurudumu la mkanda, akaweka ndogo zaidi, pampu izunguke kwa kasi zaidi, ishindilie zaidi. Halafu akaweka nyingine ndogo kuliko hiyo. Injini ikaharibika, ikafunguliwa mara ya kwanza. Ikafunguliwa mara ya pili. Mara ya pili Nadine, mkewe, alirudi kutoka kazini akakuta pistoni zinaoshwa kwenye mashine yake ya kuoshea vyombo, pamoja na sahani.

Nadine hakupiga kelele. Alizima mashine, akamwita kaka yake Royce aje awe shahidi, akasema mbele yake:

"Injini hii ikifunguliwa tena, gari linaondoka na la kwangu linaingia gereji. Royce, umesikia?"

"Nimesikia, dada."

"Verlin, umesikia?"

"Nimesikia."

Gari la Nadine lilikuwa linalala nje. Anayejua baridi ya Januari ya Indiana anajua maana yake. Kwa hiyo hapo ndipo maisha ya Verlin yalipowekwa rehani: injini isifunguliwe. Mengine yote aliyoyafanya baadaye, hata ya kijinga kabisa, yalitokana na hilo.

Sasa kuhusu kopo. Injini yoyote, hata mpya, gesi kidogo hupenya pembeni ya ringi za pistoni na kushuka kwenye tumbo la injini, chini kwenye oili. Haiwezi kukaa huko. Lazima itoke, kama wewe unavyotoa pumzi. Kiwandani wanaweka bomba la mpira la kuirudisha juu ikachomwe tena. Lakini ukishindilia hewa kwa supachaja, gesi inakuwa nyingi, inapanda na ukungu wa oili, na huo ukungu ukiingia kwenye silinda injini inaanza kunoki, kugonga kwa ndani. Ndiyo maana watu wanaweka kopo katikati ya mpira: gesi ipite, oili idondoke chini, wewe ufungue kibomba uimwage. Kitu kizuri. Kitu cha maana. Kikae hapo kifanye kazi yake, ukimwage, unawe mikono, ukale.

Lakini klabu yetu haiwezi kuacha kitu kizuri kikae kwa amani. Mwenyekiti Delmar Ostrander, aliyestaafu kuuza mabwawa ya kuogelea, alianzisha mchezo. Kila Jumapili baada ya kifungua kinywa kwenye mgahawa wa Dot, watu wanarudi maegeshoni, kila mmoja anafungua kopo lake na kukinga kwenye chupa ya jamu, chupa zinapangwa nyuma ya pikapu ya Delmar, na Delmar anaziinua moja moja kuelekea juani, jicho moja amelifumba, kama anakagua asali. Mwenye nyingi anakula pai ya krimu ya sukari bure na anakalia kiti cha dirishani. Wanamwita mfalme.

Royce, shemeji yake Verlin, naye ana gari la supachaja. Chupa yake haikuwahi kuzidi kijiko. Watu wakawa wanamhurumia.

"Nunua kopo la maana, Royce," Delmar anamwambia. "Hilo lako linapitisha kila kitu."

"Labda hakuna cha kukamata, mwenyekiti."

"Kipo. Kipo siku zote. Ni kopo."

Verlin alianza kushinda Julai, wiki chache baada ya kuweka ile puli ndogo kuliko zote. Jumapili ya kwanza robo ya chupa. Iliyofuata karibu nusu. Agosti ikawa inafika shingoni, oili nyeusi yenye povu la rangi ya kahawa ya maziwa, na harufu ya petroli unayoisikia ukiwa umesimama mlangoni kwa Dot. Delmar akaitazama juani muda mrefu.

"Waheshimiwa," akasema, "hii yote ingekuwa kwenye supachaja ya Verlin. Kopo limeiokoa."

Wakampigia makofi. Verlin akakalia kiti cha dirishani, akala pai, na yule mzee wa duka la mbegu akapita akamgusa bega asiseme neno. Mtu akimpiga picha aliishusha chupa kidogo isimzibe uso. Kocha alikuwa amemwita.

Msidhani Verlin alikuwa hajui. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Anajua injini vizuri tu. Siku moja ya Agosti alitoa plagi ya silinda ya nane, ile ya nyuma karibu na dereva, ikatoka imelowa, nyeusi tii, wakati saba zilizobaki zimekauka rangi ya udongo. Aliitazama. Akaifuta na kitambaa. Akairudisha. Kipimo cha kompresheni, kinachoonyesha silinda inavyobana hewa, kilikuwa kwenye droo ya gereji chini ya matambara. Alikitoa, akakishika, akakirudisha chini ya matambara. Maana akipima atajua, akijua atalazimika kufungua, akifungua Mustang inaondoka. Kwa hiyo akachagua kutojua, na Jumapili akaenda kula pai.

Akanunua na kopo kubwa zaidi. Mnaona akili hiyo? Mtu anakohoa damu, ananunua leso kubwa.

Mambo yaliharibika siku Nadine alipokuja kwa Dot. Kanisani mchungaji aliugua, ibada ikawa fupi, Nadine akasema apitie ale mayai na kaka yake. Akakuta wanaume wamezunguka pikapu wamevua kofia.

"Nani kafa?" akamuuliza Royce.

"Hakuna. Mumeo kashinda."

"Kashinda nini?"

Royce akamwelekezea chupa. Nadine akasogea, akainusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Hii imetoka wapi?"

"Kwenye kopo, mama," Delmar akasema kwa upole, kama anamfundisha mtoto. "Kopo linakamata oili."

"Na kwenye kopo imetoka wapi?"

"Kwenye injini."

"Injini nzima inatakiwa kutoa kiasi gani?"

Mtu mmoja akakohoa. Delmar akasema inategemea.

"Inategemea nini?"

"Inategemea mambo mengi."

"Ya Royce inatoa kijiko. Ya Verlin inatoa chupa. Na Verlin ndiye anapewa pai?"

"Kopo langu ni bora," Verlin akasema, sauti ndogo kuliko kawaida.

Nadine alimtazama tu, na Verlin, aliyeishi naye toka wakiwa vijana, alijua mkewe ameshaliona gari lake ndani ya gereji, limekauka, halina barafu kwenye kioo. Msimwone malaika huyo mwanamke. Hakuwa na huruma na injini. Alitaka gereji.

Toka siku hiyo Verlin alianza kumwaga. Anarudi na gari, anapitia nyuma ya gereji, anafungua kibomba, anatoa nusu kwenye majani, kinachobaki ndicho anachopeleka Jumapili. Akashindwa mara ya kwanza. Delmar akamshika mkono kama wamekutana msibani.

"Ndiyo hivyo. Makopo yanachoka. Usikate tamaa."

Lakini majani nyuma ya gereji yakafa, duara zima, na Nadine ana macho. Jioni iliyofuata Verlin aliporudi na gari alimkuta amesimama kwenye njia ya kuingilia, aproni kiunoni, chupa tupu ya jamu mkononi.

"Zima," akasema. "Nimekuja kukamua."

"Nadine, bado ya moto."

"Ng'ombe naye hukamuliwa wa moto. Fungua boneti."

Akajifunza kibomba kilipo. Akawa anakamua kila Verlin akitoka na gari, hata akienda dukani tu na kurudi. Chupa anaziweka dirishani jikoni, zimejipanga, mwanga wa jioni unapita. Anapika, anaziangalia, anamimina chai. Verlin akawa hali chakula vizuri. Royce akija anauliza, "Dada, umeanza biashara ya sharubati?" na Nadine anajibu, "Bado naijaza akiba."

Sasa mtu mwenye akili timamu, akibanwa namna hiyo, angesema basi, mke wangu, kuna kitu kimevunjika, tukae tuzungumze. Verlin alifikiri siku nzima kazini, katikati ya mashine za maboksi, akaja na wazo ambalo mtu wa nje ya mambo haya asingeweza kulifikia hata umlipe. Aliona tatizo ni chupa. Chupa zikiwa tupu, hakuna tatizo. Na chupa zitakuwa tupu kama oili haifiki kwenye kopo. Kwa hiyo Jumapili asubuhi, Nadine akiwa anavaa, alichomoa mipira yote miwili ya kupumulia injini kutoka kwenye kopo, akasokomeza boliti kwenye kila mmoja, akazikaza na klempu, vile vibano vya chuma. Kazi safi sana. Hata mimi nisingezikaza vizuri hivyo.

Alijua anachofanya. Alijiambia ataendesha polepole, kwa Dot si mbali, gesi haitakuwa nyingi, na akifika tu atazichomoa. Alikuwa ameshaupanga hadi uso atakaouonyesha Nadine akifungua kibomba kisitoke kitu.

Asichopanga ni Royce. Royce gari lake lilikuwa na tairi bovu, akaja kuomba lifti. Akakaa kiti cha mbele, akafunga mkanda, wakaingia barabara kuu, mashamba ya soya pande zote yameshakauka yanasubiri mashine. Verlin anakwenda kama amebeba mayai.

"Shemeji, mbona tunatambaa?"

"Asubuhi hii. Nafurahia mandhari."

"Mandhari gani, soya?"

Nyuma yao pikapu ikaja ikawashikia mkia. Dereva akawasha taa. Royce akageuka, akamtazama.

"Anatudharau huyo. Mwonyeshe kidogo."

"Muache apite."

"Wewe? Umuache mtu apite?" Royce akainama kumwangalia usoni. "Kwani inaumwa?"

Angeuliza kingine chochote. Angeuliza unaumwa wewe, angeuliza umegombana na dada. Lakini aliuliza hilo, na jibu la hilo lilikuwa limesimama dirishani jikoni kwenye chupa za jamu. Verlin akakanyaga.

Supachaja ikalia ile filimbi yake. Gari likaruka mbele, pikapu ikarudi nyuma ikawa ndogo kwenye kioo, na kwa muda mfupi Verlin alikuwa mwanaume mwenye furaha. Kisha ukasikika mlio chini ya boneti, kama mtu amepiga sufuria na nyundo. Stiki ya kupimia oili ilikuwa imeruka kutoka kwenye tundu lake ikagonga boneti kwa ndani. Sili ya nyuma, ule mpira unaozuia oili isivuje, ikafuata. Gesi ilizibiwa mlango, ikatengeneza milango yake. Oili ikamwagika kwenye ekzosi ya moto, na moshi ukapanda mzito, wa kibuluu, hadi yule wa pikapu akapunguza mwendo kuwaangalia kwa huruma, kisha akapita taratibu.

Walisimama pembeni ya soya. Royce akafungua boneti, akasubiri moshi upungue, akainama. Akakaa ameinama muda mrefu.

"Shemeji."

"Niambie."

"Umeiziba pua injini?"

Verlin akageuka kutazama soya.

"Boliti. Na klempu. Umekaza na klempu." Royce alianza kucheka akiwa amesimama, akamalizia akiwa amekaa kwenye majani, miguu imenyooka. "Ulikuwa unamficha dada yangu? Ungemwaga tu, bwana."

"Nilimwaga. Majani yakafa."

Hapo Royce akalala chali kabisa.

Gari likaburutwa hadi nyumbani. Nadine alikuwa ameshafungua mlango wa gereji. Verlin akateremka kwenye gari la kuburuta akiwa na hoja tayari, ameitunga njiani.

"Ni sili ya nyuma na stiki. Injini haijafunguliwa. Tulikubaliana ni ikifunguliwa."

"Sijasema ifunguliwe," Nadine akasema. "Nataka ipimwe." Akatoa mkono nyuma ya mgongo, ameshika kipimo cha kompresheni. "Nilikuta hiki nafua matambara yako. Royce ameniambia kinafanyaje."

"Kinahitaji mtu wa kuwasha."

"Nitawasha mimi. Wewe utashika."

Hakuwa na pa kutokea. Akatoa plagi zote, akafunga kipimo kwenye silinda ya kwanza, Nadine akazungusha ufunguo, injini ikazunguka bila kuwaka, sindano ikapanda. Ya pili, ikapanda hapo hapo. Ya tatu, ya nne. Kila moja Royce anaisoma kwa sauti, na kila moja Verlin anapumua. Hadi ya saba zilikuwa ndugu. Kisha akahamia ile ya nyuma. Nadine akazungusha ufunguo, na sindano ikajivuta, ikafika chini ya nusu ya wenzake, ikakaa.

Royce hakuisoma.

"Rudia," Verlin akasema.

Nadine akarudia. Sindano ikaenda pale pale.

"Rudia tena."

"Verlin," Nadine akasema kutoka kwenye kiti cha dereva, na ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake kulegea. "Si kopo."

"Najua si kopo."

"Toka lini?"

Alikuwa anakifungua kipimo, anakizungusha taratibu ili asimtazame. "Agosti."

Pistoni ya nane ilikuwa imevunjika ukingo unaoshika ringi. Ile puli ndogo ndiyo iliyomaliza kazi. Kama angepima Agosti, ingekuwa pistoni moja na ringi zake. Alipokuja kupima, vipande vilikuwa vimeshachora ukuta wa silinda, na bloku yenyewe, mwili wa injini, haifai. Nadine angeweza hata kuvumilia kufunguliwa mara ya tatu, alimwambia Royce baadaye, kama mwanaume angekuja akasema. Sijui kama ni kweli. Baada ya kushinda kila mtu anakuwa mkarimu.

Mustang iliondoka Alhamisi. Ilichukuliwa na jamaa wa mji wa Muncie aliyekuja na trela, aliyetaka bodi tu, injini yake anayo. Alipolitazama kopo akasema hilo baki nalo. Gari la Nadine likaingia ndani jioni hiyo hiyo. Verlin alisimama kwenye njia ya kuingilia na kopo mkononi, ameshika kama mtu aliyeachiwa kofia ya marehemu.

Mngedhani hapo watu walijifunza. Ijumaa Delmar alikuwa mlangoni.

"Nasikitika kuhusu gari," akasema. "Kopo unalifanyaje?"

"Delmar, kopo halikuwa na cha maana. Injini ilikuwa imekufa."

"Naelewa una uchungu. Nipe mimi kopo."

Akampa. Delmar akalifunga kwenye gari lake, akalipiga picha, akaandika kwenye ukurasa kwamba kopo la mfalme limepata nyumba mpya. Nyinyi mkapongeza. Jumapili akalifungulia mbele ya watu, chupa chini, watu wamekaribia. Likatoa matone mawili na unyevu. Akalitikisa. Akapuliza kwenye mpira. Akaingia kwa Dot moja kwa moja hadi mezani kwa Verlin, aliyekuwa anakula mayai na mkewe.

"Umelichezea."

"Nini?"

"Kopo. Kwako lilikuwa linajaa. Kwangu halikamati."

"Delmar, injini yako nzima. Shukuru."

"Usinibadilishie mada. Umetoa kitu cha ndani."

Verlin alimtazama. Akamtazama Nadine, Nadine akainamia sahani yake mabega yakimtikisika. Kisha akarudi kwenye mayai yake, maana ungemwambia nini mtu kama huyo. Unampelekea habari njema kuliko zote duniani, hataki kuipokea, anataka chupa.

Na jana, kwenye ukurasa, nimehesabu watu wanaouliza Delmar alipewa kopo gani, kama ni lile la asili au bandia, na kama kuna anayejua pa kupata lililo zima. Wengine nawafahamu. Mmoja ni binamu yangu.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, wewe mwenye chupa. Usiipige picha. Acha simu ndani, azima kipimo kwa Royce, siku hizi anacho yeye na hana choyo nacho, toa plagi zote nane upime leo kabla hujaenda popote. Ile ya nyuma uliyoifuta juzi ukairudisha, anza na hiyo.